Sura ya Saba: Chupa Kumi na Mbili za Giza

Kasha lenyewe halikuwa na kosa, na hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Sikudhani tangu jana yake.

Aliliweka mezani, akalizungusha mara ya tatu. Lilikuwa kasha la bati la ukubwa wa debe, lililofungwa waya na kupigwa lakiri nyekundu Jumapili jioni. Jumatatu saa tatu asubuhi lakiri ilikatwa mbele ya wajumbe saba wa kamati ya utafiti, na wote saba walitia sahihi kwamba waliikuta nzima. Ndani mlikuwa na chupa kumi na mbili. Zilitakiwa ziwe giza. Zikakutwa zinawaka buluu kama taa za kituo cha mafuta.

Leo ilikuwa Jumatano. Nje upepo wa Agosti ulirusha vumbi la Dodoma dirishani, mchanga ukigonga kioo kama mtu anayebisha hodi na hana subira.

"Nieleze tena," Sikudhani alimwambia binti aliyesimama ng'ambo ya meza. "Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mama yangu ameshaelewa, Afande. Siku hizi ananiuliza tu dawa inatoka lini."

Huyo ndiye Anitha Chilongani, mkemia, umri miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Chamwino. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini sauti haikutetereka. Kwenye jalada la Sikudhani alikuwa mtuhumiwa namba moja.

"Haya, mimi sijaelewa. Nieleze mimi."

"Dawa za saratani zinapiga kila mahali," Anitha alisema. "Zinapiga uvimbe, zinapiga tumbo, zinapiga nywele. Sisi tumetengeneza molekuli tunayoiita Kufuli. Inaingia kwenye seli za mtu imejifunga, haina madhara. Mashine ya mionzi ikielekezwa kwenye uvimbe peke yake, kufuli linavunjika palepale, ndani ya seli iliyo hai, na dawa inatoka. Kwingine mwilini inabaki imejifunga mpaka mtu aikojoe."

"Na hii buluu?"

"Hatujafika kwenye dawa. Mahali pa dawa tumeweka rangi kwanza. Kufuli likivunjika, rangi inawaka chini ya taa ile pale. Likiwa zima, unaona giza."

Jaribio la Jumatatu lilikuwa jepesi, hata mtu wa darasa la nne angelifuata. Chupa ishirini na nne za seli za saratani, zote zimewekewa Kufuli. Kumi na mbili zipigwe mionzi, ziwake. Kumi na mbili zibaki kashani mbali na mionzi, zikae giza. Ziliwaka zote.

Dk. Charles, mkuu wa maabara, alikuwa amesimama mlangoni na miwani amepandisha kichwani. Yeye ndiye aliyepiga simu polisi.

"Ijumaa saa sita mchana kamati inakaa, Afande," alisema. "Nikiwa sina jibu, mradi unafungwa, unga wa Kufuli uliobaki unateketezwa, na Anitha anaondoka hapa kwa kughushi. Wanasema rangi yake inawaka yenyewe. Haikuwahi kulala, na matokeo yote ya nyuma ni ya uongo."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nilimfundisha. Kusema kwangu hakuna uzito."

"Mtu anaghushi ili ashinde, daktari. Nimeshakamata walioghushi vyeti, hati za viwanja, hata kifo. Sijawahi kumwona aliyeghushi ili ashindwe mbele ya watu saba."

Mzee mmoja mwenye aproni ya mpira alipita katikati yao na karai la chupa, akasema "samahani jamani," akatokea mlango wa pili. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Sikudhani alifungua daftari. Swali lake la kwanza lilikuwa jepesi: je, Kufuli liliharibika kabla halijafika? Unga ulitengenezewa Dar es Salaam ukaja Dodoma kwa treni, na kule stesheni mizigo yote inapitishwa kwenye mashine ya kukagua.

"Hiyo ni mionzi," alisema. "Au siyo?"

Anitha alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Ni mionzi, Afande. Lakini ile ni kama kumpulizia usoni mlevi aliyelala. Haamki."

"Nionyeshe."

Anitha alichota unga uliobaki kwenye jokofu, akauyeyusha kwenye maji, akauweka chini ya taa. Giza tupu. Unga uleule, treni ileile, mashine ileile ya stesheni. Sikudhani aliandika: *Unga mzima. Rangi haiwaki yenyewe.* Akampa Dk. Charles kalamu atie sahihi pembeni. Nusu ya tuhuma ya kamati ilikuwa imekufa hapohapo, lakini nusu nyingine ilibaki, nayo ndiyo mbaya: kwamba mtu alizigusa chupa.

*

Chumba cha mashine ya mionzi kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya ukuta mnene kama wa ngome. Mwendeshaji wake, Imran, alikuwa amekaa juu ya stuli na kikombe cha chai na andazi.

"Afande, umekuja kunikamata au nimalizie chai?"

"Malizia. Ukiwa na njaa utanidanganya."

Sikudhani aliweka karatasi mbili mbele yake. Ya kwanza ilikuwa daftari la mlangoni: Jumapili, saa nne asubuhi, Imran aliingia peke yake. Ya pili ilikuwa hesabu ya mashine yenyewe: Jumapili, saa nne na robo, iliwashwa kwa dakika nne. Kwenye kitabu cha kazi za siku hiyo hapakuwa na mstari hata mmoja.

Andazi lilisimama njiani.

"Jumapili hakuna kazi," Sikudhani alisema. "Ulikuwa unampiga nani mionzi?"

"Hewa."

"Imran."

"Wallahi, hewa! Mashine hii ikilala siku mbili bila kupashwa, ya tatu inaamka na kiburi. Jumatatu tulikuwa na wageni. Nikaja kuipasha moto ili isituaibishe. Sikuandika kwa sababu..." Alikuna shingo. "Kwa sababu mke wangu Shenaz alikuwa nje kwenye gari, ananipigia honi. Tulikuwa tunakwenda harusini."

"Zile chupa kumi na mbili zilikuwa wapi saa hiyo?"

"Sijui. Muulize Anitha."

Sikudhani hakuhitaji kumuuliza. Alirudisha kurasa za daftari lake mpaka maelezo ya jana. *Seli na Kufuli viliwekwa chupani Jumapili saa kumi na moja jioni, mbele ya Dk. Charles. Lakiri saa kumi na moja na nusu.* Mashine ilikuwa imeshazimwa tangu asubuhi, na haikuwashwa tena mpaka Jumatatu. Hata kama Imran angekuwa na nia, asubuhi ile chupa zilikuwa tupu. Huwezi kuvunja kufuli ambalo halijawekwa mlangoni.

"Kaandike kitabu chako," alimwambia. "Na tarehe ya leo, siyo ya Jumapili. Uandike kwamba ulisahau."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Na mwombe radhi Shenaz kwa kumchelewesha harusi."

Alirudi koridoni taratibu. Kasha halikufunguliwa. Mionzi haikupigwa. Unga ni mzima. Kwa hiyo hakuna mtu aliyeingia kashani baada ya lakiri. Basi aliyevunja alikuwa ndani tayari wakati lakiri inapigwa.

*

"Mionzi inavunjaje hilo kufuli?" alimuuliza Anitha. "Inaligonga kama nyundo?"

"Hapana. Watu wengi wanafikiri hivyo. Mionzi inapiga maji yaliyomo ndani ya seli. Maji yanapasuka, yanaachia elektroni. Elektroni ndiyo inayokwenda kugusa Kufuli, na Kufuli nimeliunda hivyo, likipewa elektroni linaachia."

"Kwa hiyo mionzi siyo ufunguo. Mionzi ni mtu anayeleta ufunguo."

"Naam. Unaweza kusema hivyo."

"Nimekaa idara ya wizi miaka kumi na moja, mwanangu. Mwizi hahitaji ufunguo wa mwenye nyumba. Hahitaji hata ufunguo. Anahitaji chuma chochote kinachoingia tunduni." Sikudhani aliegemea meza. "Kuna kitu kingine duniani kinachotoa elektroni?"

Anitha alivuta stuli. Alikaa.

"Vipo," alisema. "Vipo vingi. Lakini kwenye seli nilishavijaribu vyote vya kawaida, Kufuli halikufunguka. Kingetakiwa kitu kikali. Na hapa maabara hatuna."

"Nipangie chupa zote ishirini na nne."

Anitha alizipanga safu mbili. Sikudhani alizitazama kama anavyotazama watu kwenye gwaride la utambulisho. Hakuangalia sura, aliangalia viatu. Aliinama mpaka macho yakalingana na vitako vya chupa. Za safu ya kwanza, zilizopigwa mionzi, zilikuwa na gundi ya kibandiko cha kiwandani. Za safu ya pili hazikuwa na gundi. Zilikuwa na mikwaruzo myembamba ya brashi, na nyingine zilikuwa na duara jeupe karibu na mdomo, jembamba kama uzi.

"Hizi ni mpya. Hizi ni kuukuu."

"Tuliagiza mpya ishirini na nne," Anitha alisema. "Nusu zilivunjika njiani. Tukaosha za zamani kufidia. Zikaoshwa vizuri sana, Afande, nilizikagua mwenyewe."

"Na mpya zote ukazipeleka kwenye mionzi, kuukuu zote kashani?"

Anitha alitazama safu ya kwanza, kisha ya pili.

"Nilitakiwa nizichanganye," Anitha alisema polepole. "Ni kitu cha kwanza kabisa wanachofundisha. Nilitaka wageni waone chupa nzuri zinawaka. Hilo ni kosa langu, andika."

"Nimeandika. Zilizooshwa zilibaki ngapi?"

Zilibaki tatu. Zilikuwa kwenye chumba cha kuoshea, zimefunikwa vifuniko vyake, zimepangwa chini ya ubao wa vijiti vya kukaushia chupa vichwa chini. Sikudhani alisimama mbele ya ubao ule kwa muda. Maabara zote alizowahi kuingia zinakausha chupa kwenye trei. Ubao wa namna hii aliwahi kuuona mahali pengine, siku alipofuatilia wizi wa pampu kule Hombolo kwenye mashamba ya zabibu.

Akachukua chupa moja, akafungua kifuniko, akanusa.

Harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi.

*

Bajaji ilimshusha Majengo mbele ya duka la Shantaben, ambalo lina kila kitu anachohitaji mtu wa zabibu, kuanzia mikasi ya kukatia matawi mpaka mipira ya kuhamishia mvinyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kukamata nani kwangu?"

"Nimekuja unisaidie kunusa."

Shantaben alipokea chupa, akanusa mara moja, akaisogeza mbali na uso. "Unga wa mapipa. Salfa. Unataka kutengeneza mvinyo? Wewe si Mwislamu wa Kondoa?"

"Nanusa tu, mama. Kunusa hakujaharamishwa. Kazi yake nini?"

"Inakula hewa. Mvinyo ukipata hewa unakuwa siki. Kwa hiyo unasuuza pipa, unasuuza chupa, unafunika upesi. Hewa ikijipenyeza, salfa inaiwahi. Baba yangu Chandulal aliuza hii kabla sijazaliwa."

"Ukisuuza na hii, unasuuza tena kwa maji?"

Shantaben alimtazama kana kwamba ameuliza iwapo wali unapikwa kwa moto. "Ukisuuza tena umeiondoa. Sasa umeiweka ya nini?"

Sikudhani aliandika jibu lile neno kwa neno.

"Nani ananunua?"

"Msimu huu? Nusu ya Dodoma."

"Anayefanya kazi ya kuosha chupa maabara."

"Ah, Batholomeo!" Uso wa yule mama ulifunguka. "Ana mizabibu yake robo eka. Mvinyo wake hauna mpinzani. Yule anaosha chupa kama anaosha kichanga. Amefanya nini?"

"Ndiyo nakwenda kumuuliza."

*

Alimkuta kwenye beseni, aproni ya mpira, mikono imezama povu mpaka kwenye viwiko. Ni yuleyule aliyepita asubuhi na karai. Anitha na Dk. Charles walisimama nyuma ya Sikudhani.

"Mbukwa, mzee Batholomeo."

"Mbukwa, mama." Alicheka kidogo. "Mrangi anayejua kusalimia Kigogo. Karibu."

"Zile chupa za kashani ulizioshaje?"

"Sabuni. Brashi. Maji mara tatu." Alijifuta mikono, bila haraka. "Halafu salfa kidogo, nikafunika."

Dk. Charles alishika kichwa. "Mzee! Siku mbili polisi wapo hapa! Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Mmemhoji kila mtu mwenye digrii na kila mtu mwenye ufunguo. Mimi sina vyote viwili."

Sikudhani alifungua daftari lake. Aligeuza ukurasa wa jana, orodha ya watu wa kuhojiwa, majina tisa. La kumi halikuwepo. Akaliandika sasa.

"Nani alikwambia uweke salfa?" aliuliza.

"Hakuna. Nilimsikia huyu mwanangu," alimwonyesha Anitha kwa kidevu, "anamwambia mgeni mmoja kwamba hewa inaharibu jaribio, kwamba hewa ikiingia inakila kile kitu kinachofungua."

"Nilisema," Anitha alinong'ona. "Oksijeni inakula elektroni."

"Sasa dawa ya hewa sisi wa mvinyo tunaijua. Nikasema zile mpya za kiwandani zina bahati yake. Hizi kuukuu nizifanye ziwe safi kuliko zote." Alisimama. "Dada yangu Raheli yuko Gulwe. Mwaka jana alipigwa mionzi ya koo. Mpaka leo uji anaumeza kwa machozi. Huyu binti alisema dawa yake itafanya mionzi iwe kidogo. Nikasema chupa zisije zikawa ndiyo sababu ya kushindwa."

Maji yalikuwa yanadondoka bombani.

"Nitafungwa?" aliuliza.

"Sheria inauliza nia, mzee. Yako nimeshaiandika." Sikudhani aligeukia wenzake. "Lakini maneno ya muosha chupa na maneno yangu hayatawatosha watu saba. Wao waliona chupa zinawaka. Inabidi waone tena. Anitha, unaweza kurudia kabla ya Ijumaa saa sita?"

Anitha hakumsikia. Alikuwa anaandika alama nyuma ya kiganja chake kwa kalamu ya wino.

"Anitha!"

"Salfa inatoa elektroni," alisema. "Inatoa kwa nguvu. Afande, chupa zile hazikuwa na makosa. Kufuli lilifunguka kwa elektroni, kama nilivyoliunda. Mzee amelijaribu mahali ambapo mimi sikuthubutu." Akainua kichwa. "Naweza. Nahitaji chupa ishirini na saba."

*

Alhamisi Batholomeo aliosha chupa ishirini na saba, zote kuukuu, na Sikudhani alikaa kwenye stuli akihesabu: sabuni, brashi, maji mara sita. Hakuna salfa. Kisha akaandika vipande vya karatasi, akaviweka kwenye kofia ya Batholomeo, akavichanganya, na Dk. Charles akaokota. Kofia ndiyo iliyoamua chupa ipi iende wapi. Tatu zilirudishwa beseni zikasuuzwa na unga wa Shantaben, zikafunikwa, zikaingia kwenye kasha dogo la peke yake. Anitha aliandika utabiri wake kwenye bahasha, akaifunga, akampa Sikudhani. Jioni wakaweka seli na Kufuli katika zote, na makasha yakapigwa lakiri.

Ijumaa saa nne asubuhi wajumbe saba walisimama kwenye chumba kile wakiwa na nyuso za watu wanaosubiri foleni ya benki. Kwa mbali mashine ya Imran ilinguruma, ikanyamaza. Safari hii alikuwa ameandika kitabu kabla ya kuiwasha.

Mapazia yakafungwa. Kumi na mbili za mionzi ziliwaka, buluu safi. Hakuna aliyeshangaa.

Sikudhani alikata lakiri ya kasha dogo. Zile tatu, ambazo hazikuonja mionzi hata kidogo, ziliwaka vilevile. Mjumbe mmoja aliguna. Sikudhani alichana bahasha, akasoma kwa sauti ya mahakamani: "Tatu za salfa zitawaka. Kumi na mbili za maji zitakuwa giza. Anitha Chilongani."

Zilibaki zile kumi na mbili.

Batholomeo hakuwa chumbani. Alikuwa koridoni, mgongo ukutani, kofia mkononi. Alikuwa amesema macho yake hayawezi kutazama.

Lakiri ilikatwa. Waya ukafunguliwa. Dk. Charles aliinua kifuniko, Anitha akaileta taa juu, karibu kabisa. Vichwa saba viliinama juu ya kasha.

"Mnaona nini?" sauti ya mzee iliuliza kutoka koridoni.

Sikudhani alitazama chupa ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na mbili. Akarudia kutoka mwisho.

"Hatuoni kitu, mzee."

"Kitu kabisa?"

"Hakuna. Njoo uone."

Aliingia ananyata. Wajumbe walimpisha njia. Aliinama juu ya giza lile akalitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Nyuma yake mwenyekiti wa kamati alikuwa anamuuliza Anitha ni lini ataweka dawa mahali pa rangi, na Anitha alikuwa anajibu: mwezi wa kumi, na kwanza ataliongezea Kufuli nguvu dhidi ya salfa, maana sasa anajua pa kuanzia.

Sikudhani alifungua jalada. Kwenye mstari wa mwisho aliandika: *Hakuna kosa la jinai. Shahidi wa kumi ndiye aliyekuwa na jibu.* Akatia sahihi na saa: tano kasorobo.

Batholomeo alivaa kofia, akaanza kukusanya chupa za mezani kwenye karai lake.

"Hizi zioshwe leo?" aliuliza.

"Leo," Anitha alisema.

"Kwa maji."

"Kwa maji, baba."